Jedwali na Simulizi Mpakani Gisenyi

Katika mji wa Gisenyi, makao ya Wilaya ya Rubavu magharibi mwa Rwanda, mpaka wa nchi haufuati mto wala mlima bali unapita kando ya nyumba za watu, na ng'ambo yake ndiyo Goma, mji wa Kongo ambao kwa miaka mingi umekuwa ukila mboga, maziwa na viazi vinavyotoka mashamba ya upande wa Rwanda. Kabla ya mpaka kufungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Uviko-19, kivuko kinachojulikana kwa jina la Kifaransa la Petite Barrière kilikuwa kikipitisha makumi ya maelfu ya watu kila siku, walio wengi wakienda kwa miguu, na miongoni mwa wabeba mizigo wanawake wakiwa ndio wengi mno. Si ajabu, basi, kwamba mahali hapo pamevuta watafiti wa uchumi, wa jinsia na wa utawala, na kwamba kazi zao, zikisomwa kwa pamoja, zinaonyesha vizuri jambo ambalo vitabu vya mbinu za utafiti hulieleza kwa maneno makavu: idadi na masimulizi ni namna mbili za kuuliza, na faida ya kuziunganisha huonekana hasa pale majibu yake yasipopatana.

Mkabala wa kwanza huitwa wa kiidadi, au wa kitakwimu, kwa kuwa hutafuta kupima na kuhesabu. Mtafiti huandaa hojaji, yaani orodha ya maswali yaliyokwisha kupangwa, huchagua sampuli, ambayo ni sehemu ndogo ya watu inayotarajiwa kuwakilisha wote, kisha huyapeleka majibu kwenye jedwali na kuyafanyia hesabu. Mkabala wa pili huitwa wa kimaelezo. Hutumia usaili wa kina, majadiliano ya vikundi vidogo na ushuhudiaji, ambapo mtafiti hukaa mahali husika akitazama mambo yanavyotendeka, na matokeo yake hutolewa kwa maneno. Wapo wanaouita huu wa pili mkabala wa ubora, jina linalopotosha kidogo, kwani hufanya msomaji adhani kwamba ule mwingine ni duni. Mtafiti anapoitumia yote miwili ndani ya utafiti mmoja, na kwa swali moja, hapo ndipo panapozungumzwa juu ya mkabala mseto.

Kwa muda mrefu katika karne ya 20, na hasa miaka ya 1980, wanazuoni wa nchi za Magharibi walibishana kama mseto huo unawezekana hata kidogo, maana upande mmoja ulishikilia kwamba ukweli wa jamii upo nje ya mtu na unaweza kupimwa, na mwingine ulishikilia kwamba ukweli huo hujengwa na watu wenyewe kwa maana wanazoyapa maisha yao. Mabishano hayo yalipopoa, uwanja wa mkabala mseto ulipata jarida lake mahususi mwaka 2007, na vitabu vya John Creswell juu ya mbinu hizo vikaenea vyuoni, hata katika vyuo vya Afrika Mashariki. Hata hivyo, watu walikuwa wamekwisha kuchanganya mbinu kabla ya mbinu hiyo kupewa jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtafiti Marie Jahoda na wenzake walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa, wakasoma insha za watoto juu ya zawadi walizotamani, wakasikiliza historia za familia, na papo hapo wakahesabu vitabu vilivyoazimwa maktabani na kupima mwendo wa watu barabarani. Ilidhihirika kwamba wanaume wasio na kazi, waliokuwa na saa nyingi kuliko wakati wowote, walisoma vitabu vichache zaidi na kutembea polepole zaidi, wakisimama kila mara, ilhali wanawake walitembea kwa haraka kwa sababu kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda. Hesabu ya mwendo isingekuwa na maana bila masimulizi, na masimulizi yangeweza kupuuzwa kuwa manung'uniko tu kama hesabu isingekuwepo.

Mpakani Gisenyi tatizo huanza na kitendo kinachoonekana chepesi kuliko vyote, nacho ni kuhesabu. Forodha huandika mizigo mikubwa inayopita kwa malori, lakini beseni la nyanya na kidumu cha maziwa havikuwa na nafasi katika takwimu rasmi, na kwa sababu hiyo Benki Kuu ya Rwanda pamoja na Taasisi ya Taifa ya Takwimu zimekuwa zikikusanya takwimu za pekee za biashara isiyo rasmi ya mipakani. Karani anayekaa kivukoni anaweza kuandika kila apitaye na kila kinachopita, na mwisho wa siku akawa na idadi sahihi kabisa. Swali ni hili: idadi hiyo ni ya nini? Mwanamke mmoja anaweza kuvuka mara tatu au nne kwa siku moja, kwa hiyo idadi ya kuvuka si idadi ya watu, na anayeichukua ya kwanza kana kwamba ni ya pili huongeza wafanyabiashara ambao hawapo.

Liko jambo zito zaidi ya hilo, ambalo karani hawezi kuliona hata akiwa makini namna gani. Mtu aliyebeba kabichi kichwani anaweza kuwa amezinunua kwa mtaji wake, anaweza kuwa amekopeshwa na mkulima hadi jioni, na anaweza pia kuwa mchukuzi wa kulipwa tu, aliyepewa sehemu ya shehena ya tajiri ambaye ameigawanya vipande vipande ili kila kipande kihesabiwe kuwa mzigo mdogo na kutozwa kidogo au kutotozwa kabisa. Kwenye mpaka huu watu wenye ulemavu wamejulikana kwa miaka mingi kwa kuvusha bidhaa juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu, wakinufaika na nafuu waliyopewa katika ushuru, na wafanyabiashara wengine wamekuwa wakiwakodi kwa ajili ya nafuu hiyo hiyo. Katika jedwali wote hao, mwenye mali, mkopaji, mchukuzi na mwenye baiskeli, huingia katika safu moja ya "wafanyabiashara wadogo". Anayetaka kujua kama mkopo nafuu utawasaidia ni lazima kwanza awatenganishe, na njia ya kuwatenganisha ni kuketi nao na kuwauliza mali ni ya nani, hasara ikitokea hubebwa na nani, na fedha iliyobaki jioni humwendea nani. Baada ya mazungumzo hayo ndipo inapowezekana kurudi kwenye hojaji na kuongeza maswali mawili au matatu yatakayofanya hesabu ipate maana.

Mpangilio huo, wa kuanza na masimulizi na kumalizia na hesabu, ni mmojawapo wa mipangilio inayotambuliwa katika mkabala mseto, na kwa maeneo ya mpakani pengine ndio unaofaa kuliko mingine, kwa sababu ya lugha. Gisenyi huzungumza Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa kwa siku moja, wakati mwingine kwa sentensi moja. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko hapo tangu zamani, miaka mingi kabla ya Bunge la Rwanda kukipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Hojaji iliyoandikwa katika ofisi ya mbali na kutafsiriwa neno kwa neno inaweza kuuliza kama mhojiwa amewahi kutoa rushwa, naye akajibu hapana kwa moyo mweupe, kwa kuwa kile alichokitoa asubuhi hakikuitwa hivyo. Upande wa Rwanda fedha ndogo ya namna hiyo huweza kuitwa fanta. Upande wa Kongo husikika maneno ya Kilingala madesu ya bana, yaani maharage ya watoto. Kisha yapo malipo ambayo mwenyewe hajui kama ni halali, kwani alipewa karatasi lakini hakuwahi kuambiwa sheria inataka alipe nini. Mtafiti asiyeyajua majina hayo atapata asilimia ndogo ya rushwa na kuiandika kwa desimali mbili, na usahihi wa desimali hizo hautausogeza ukweli karibu hata hatua moja.

Taarifa za maelezo kuhusu mpaka huu hazikuwa haba. Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilitoa utafiti juu ya wanawake maskini wanaofanya biashara katika mipaka ya Maziwa Makuu, na mwaka 2012 shirika la International Alert likachapisha kazi ya Kristof Titeca na Célestin Kimanuka juu ya biashara isiyo rasmi ya eneo hilo hilo. Picha iliyojitokeza ilikuwa ya wanawake wenye mitaji midogo mno, wanaokutana na msururu wa maofisa mrefu kuliko unaotakiwa na sheria, wanaotozwa fedha zisizo na stakabadhi, na ambao baadhi yao hutukanwa, hupigwa au hudhalilishwa kijinsia. Kutokana na picha ya namna hii huchomoza wazo linaloonekana kuwa na mantiki: ikiwa wanawake hao hawajui viwango vya ushuru wala haki zao, basi wafundishwe, na wakishajua watasimama mbele ya ofisa na kukataa.

Wazo hilo lilipimwa. Kevin Croke na wenzake wa Benki ya Dunia walifanya jaribio la kinasibu kwenye mpaka wa Rwanda na Kongo, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2020. Jaribio la kinasibu ni lile ambalo watu hugawanywa kwa njia inayofanana na kupiga kura, kundi moja likapata huduma, hapa ikiwa mafunzo juu ya taratibu, ushuru na haki za wavukaji, na la pili, liitwalo kundi linganishi, lisiipate kwanza, ili tofauti itakayoonekana baadaye isiweze kudaiwa kuwa imeletwa na sababu nyingine. Mafunzo yalipunguza utoaji wa rushwa kwa pointi 5 za asilimia, na matukio ya ukatili wa kijinsia kwa pointi 5.4. Pointi za asilimia hazipaswi kuchanganywa na asilimia yenyewe: kiwango kikishuka kutoka 20 hadi 15 kwa mia, kimeshuka kwa pointi 5, lakini kimepungua kwa robo nzima ya kilivyokuwa.

Utafiti uliotosheka na jedwali ungeishia hapo na kushangilia. Watafiti hao walijiuliza ni kwa njia gani rushwa ilipungua, na kwa kutumia wazo la mwanauchumi Albert Hirschman, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1970 alitofautisha kati ya mtu anayeondoka panapomuumiza na yule anayebaki na kupaza sauti, waliona kwamba waliofunzwa hawakuwa wamepata ujasiri mpya wa kujadiliana na maofisa. Walikuwa wamevuka mapema zaidi, kabla ya saa rasmi, wakati wanaotoza hawajakaa sawasawa, na jina la kazi hiyo lenyewe linataja kuamka kabla ya alfajiri. Kwa lugha ya Hirschman, waliondoka. Idadi ile ile, pointi 5, inaweza kusomwa kama ushindi wa haki au kama ujanja wa kukwepa, na uchaguzi kati ya masomo hayo mawili una matokeo makubwa, kwa kuwa la kwanza lingesema mafunzo yaongezwe, na la pili linasema tatizo lililoko kwenye dirisha la maofisa bado liko pale pale, jambo ambalo watafiti wenyewe walilikiri waliposisitiza haja ya kurekebisha utawala wa mpaka, hususan upande wa Kongo.

Ikumbukwe kwamba saa ya kuvuka nayo ni idadi, na kwamba uchambuzi wa jaribio hilo ulifanywa kwa hesabu. Lakini swali la saa halijitungi. Ni lazima awepo mtu anayefahamu kwamba mpaka una uhai wake kabla jua halijachomoza, na ufahamu huo ni wa aina inayopatikana kwa kusikiliza na kutazama. Linabaki pia swali ambalo hesabu hiyo haiwezi kulijibu peke yake: kuamka saa tisa usiku kunamgharimu nini mama mwenye mtoto mchanga, na njia ya gizani inapunguza hatari au inaihamisha tu kutoka mikononi mwa ofisa na kuipeleka mikononi mwa wengine? Hapa mpangilio ungegeuka, hesabu ikitangulia na usaili ukifuata, watu wachache wakichaguliwa kutoka ndani ya jedwali lenyewe, hasa wale ambao matokeo yao yalikwenda kinyume na ya wenzao, ili waeleze kilichotokea. Upo na mpangilio wa tatu, wa kukusanya aina zote mbili kwa wakati mmoja na kuzilinganisha mwishoni, ambao hupendwa kwa kuwa huokoa muda, na ambao mara nyingi huzaa ripoti mbili zilizofungwa ndani ya jalada moja.

Rwanda ina mfano wake wa zamani kidogo ambao unastahili kutajwa, kwa sababu unaonyesha kinachotokea maneno yanapogeuzwa kuwa namba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi ilipokuwa ikiandaa mkakati wake wa kwanza wa kupunguza umaskini, uchunguzi wa kitakwimu wa hali ya maisha ya kaya, unaojulikana kwa kifupi cha Kifaransa EICV, ulionyesha kwamba takriban watu 6 kati ya 10 walikuwa maskini. Sambamba nao ilifanyika tathmini shirikishi, ambamo wanavijiji wenyewe waliulizwa umaskini ni nini. Hawakuchora mstari mmoja kama wanatakwimu. Walitaja ngazi sita: umutindi nyakujya, asiye na chochote na anayeishi kwa kuombaomba, umutindi, umukene, umukene wifashije, maskini anayejimudu, umukungu, mwenye chakula cha kutosha na ziada, na umukire, tajiri mwenye fedha. Ngazi hizo ziliingia katika mpango wa Ubudehe, ulioanza kwa majaribio Butare mwaka 2001 na kuchukua jina la desturi ya wanakijiji kulimiana mashamba kwa pamoja, na kila kijiji kilichora ramani yake ya kaya na kuziweka kaya katika ngazi hizo hadharani.

Kwa muda jambo hilo lilikuwa mseto wa kupendeza, maana maarifa ya kijiji yalihesabika pasipo kupoteza lugha yake. Hali ilibadilika pale ngazi zilipofungamanishwa na huduma. Kuanzia mwaka 2011 mchango wa kaya katika bima ya afya ya jamii, mutuelle de santé, ulitegemea ngazi iliyopangiwa, na mwaka 2015 majina sita yakawa makundi manne yenye namba tu. Jina umukene wifashije lilisimulia habari ya mtu. Kundi la pili halikusimulia kitu, lakini lilikuwa na bei. Watu waliokuwa wakieleza hali zao walianza kuzitetea, na malalamiko ya kupangwa ngazi isiyostahili yakazidi. Kipimo kinachotumika kugawa fedha hubadilisha tabia ya kinachopimwa, na hilo ni onyo kwa kila mtafiti anayebadili majibu ya usaili kuwa alama za kuingiza kwenye kompyuta.

Palitokea pia mahali ambapo hesabu na masimulizi yalishindwa kukaa meza moja. Takwimu za EICV zilionyesha kiwango cha umaskini kushuka kutoka asilimia 44.9 katika 2010/11 hadi asilimia 39.1 katika 2013/14. An Ansoms, mtafiti wa Ubelgiji aliyefanya kazi kwa miaka vijijini Rwanda, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2017 makala iliyohoji picha hiyo kwa kutumia yale waliyoyaona na kuyasikia kwa wakulima wadogo, huku wengine wakigombana juu ya kikapu cha bidhaa kilichotumika kukokotoa mstari wa umaskini, ambacho kilikuwa kimebadilishwa kati ya chunguzi hizo mbili. Taasisi ya takwimu ilitetea kazi yake. Aliye mbali na ubishi huo anaweza kuona kwamba kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake alikihitaji: wenye simulizi hawakuweza kusema waliowasikiliza ni sehemu gani ya taifa, na wenye hesabu hawakuweza kueleza kwa nini mkulima ambaye mavuno yake yameongezeka katika jedwali alijiona kuwa maskini zaidi. Mseto ungeanzia hapo hasa, kwa kumtafuta mkulima huyo mmoja ndani ya sampuli ya taifa na kwenda kumuuliza.

Katika tasnifu nyingi za shahada ya uzamili, mwanafunzi huandika kwa ujasiri katika sura ya tatu kwamba ametumia mkabala mseto, kisha sura ya nne ikajaa majedwali, na baada ya kila jedwali ikawekwa nukuu moja ya mhojiwa inayokubaliana nalo. Nukuu za aina hiyo ni mapambo. Pembetatu, neno wanalolitumia wanazuoni kwa maana ya kukitazama kitu kimoja kutoka pande mbili au tatu kama mpima ardhi afanyavyo, hudai kwamba mtazamo wa pili uwe na uwezo wa kuukanusha wa kwanza, na aliyekwisha kuchagua sauti zinazomuunga mkono tu amekwisha kuunyima uwezo huo. Ni kweli kwamba kazi hiyo ina gharama: usaili wa saa moja huchukua saa kadhaa kuandikwa, zaidi ya hapo ukifanywa kwa lugha mbili, na wataalamu wa hesabu na wa masimulizi hawapatikani kwa urahisi ndani ya mtu mmoja.

Mpakani gharama nyingine ni usalama wa wahojiwa. Hojaji hulinda mtu kwa kumfanya kuwa namba, ilhali simulizi humtambulisha hata jina lake likifutwa, kwa kuwa wenye baiskeli za magurudumu matatu wanaovusha bidhaa fulani saa fulani si wengi, na ofisa akisoma habari ya mmoja wao anaweza kumjua mara moja. Kwa hiyo ripoti zinazochanganya mbinu hulazimika wakati mwingine kuivuruga simulizi kwa makusudi, kuhamisha saa, bidhaa au umri, na kumwambia msomaji wazi kwamba zimefanya hivyo.

Tangu Machi 2020 mpaka wenyewe umebadilika. Kufungwa kwa ajili ya Uviko-19 kuliwamalizia mitaji wengi walioitegemea faida ya kila siku, mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ukaitikisa Goma na Rubavu kwa pamoja, na mwezi Januari 2025 Goma ilitwaliwa na wapiganaji wa kundi la waasi la M23. Sampuli huchotwa kutoka kwenye orodha, na orodha ya wavukaji iliyotengenezwa mwaka 2019 leo inaorodhesha watu ambao baadhi yao wameacha biashara, wamehama, au wanavuka kwa kanuni tofauti na mbele ya maofisa tofauti. Atakayekuja Petite Barrière sasa na hojaji iliyokwisha kupigwa chapa atakuwa akiuliza juu ya mpaka uliokuwepo. Itambidi aketi kwanza sokoni Gisenyi, bila karatasi, akauliza ni nani siku hizi wanaovuka, wamebeba nini, na mali ni ya nani.